Mama Alitupaka Wote Wawili

Ndugu zangu, mimi leo sina uso wa kutembea nao Kolwezi. (Na huu nilio nao umejaa vipele.)

Mnajua nafundisha biolojia. Mnajua pia nimesubiri muda gani mkaguzi aje anione nikiwa darasani, ili nithibitishwe kazini. Basi amekuja leo. Na somo la leo? Kinga ambayo mwili unajipatia baada ya kuugua. Somo langu kabisa! Nilijiona nimeshapita.

Asubuhi niliwashwa mgongoni. Nikasema mbu. Nikawashwa shingoni. Nikasema vumbi, maana hapa mtaani Musonoi malori ya mgodi yanapita mbele ya nyumba kutwa nzima. Nikakaza tai, nikaenda. Getini mwa shule nikamsalimu mama yangu, ambaye huuza maandazi pale. Akanikazia macho.

"Kabanga, uko muzuri?"

"Niko muzuri, mama."

(Uongo wa kwanza wa siku.)

Darasani nikawaka moto. "Mfikirie sentinele, mlinzi wa mgodi," nikawaambia wanafunzi. "Siku ya kwanza mwizi anaruka uzio, sentinele hamjui. Anababaika, mwizi anaharibu anavyotaka. Lakini wakishapigana, sentinele anaishika ile sura. Mwizi akirudi, anamjua kwa mwendo tu, anamkamata kabla hajatia mguu wa pili ndani! Mwili nao ni hivyo hivyo. Ukishapigana na tetekuwanga, zinabaki seli zenye kumbukumbu. Ugonjwa ukirudi, kingamwili zinatengenezwa upesi na kuufukuza."

Mkaguzi, mzee mmoja mpole wa miwani, akaitikia kwa kichwa na kuandika. Ningenyamaza hapo! Lakini mdomo uliponza kichwa.

"Mfano ni mimi mwenyewe," nikasema, nikijipiga kifua. "Wiki mbili zilizopita wenzenu walipata tetekuwanga. Nani aliwapeleka kwao kwa pikipiki, mmoja mmoja, wamenishika kiuno? Mimi! Niliogopa? Sikuogopa. Niliugua nikiwa mdogo. Nakumbuka mama alivyonipaka mpemba, ule udongo mweupe, kutoka utosini hadi vidoleni. Sentinele wangu wako macho!"

Furaha, msichana wa mstari wa mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile kwa shingo yenu ni nini?"

"Mbu."

"Mbu gani anaachaka kipele na maji ndani?"

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaniangalia shingo kwa makini.

"Mwalimu, uko sure ulikuwaka na varisele, ile tetekuwanga?"

"Tata Mkaguzi, mama yangu yuko getini. Aitwe!"

(Jamani. Ni mimi niliyesema aitwe. Hakuna aliyenilazimisha.)

Mama akaingia, mikono ina unga, akasalimia watu wote kwa adabu. Mkaguzi akamuuliza kwa heshima kama mwanawe aliwahi kuugua tetekuwanga.

"Nani? Kabanga? Apana, tata. Ni Mbuyi njo alikuwaka nayo."

Mbuyi ni dada yangu, pacha wangu. Tulizaliwa siku moja, yeye kanitangulia kidogo.

"Lakini mama, ulinipaka mpemba!" Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Nilibapaka bote! Weye ulikuwa kwa nkambo, bibi yako, kule Dilolo. Ulirudia, Mbuyi amekwisha kupona, nikawa namupaka tu ju ya alama. Sasa mapasa, unapaka moja unaacha mwingine? Si angekasirika, alete mambo mu nyumba? Njo nikakupaka na weye."

Nilitamani ardhi ipasuke. (Hapa Kolwezi imeshachimbwa sana, ingeweza kunisaidia. Haikunisaidia.) Miaka yote hii nimejivunia vita aliyopigana dada yangu!

Furaha akanimalizia, na kwa upole kabisa: "Kumbe, Mwalimu, sentinele yenu hajaonaka ule mwizi hata siku moja!"

Darasa likalipuka. Wengine walilala juu ya madawati. Mkaguzi hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshafika nje, simu sikioni, akimuuliza nduguye mkubwa: "Yaya, ile varisele ya zamani, ni mi nilikuwaka nayo ao ni weye?" Sikusikia alichojibiwa, lakini hakurudi ndani. Aliandika ripoti amesimama uani, akanisomea kupitia dirishani: "Maelezo ni mazuri sana. Mfano haufai. Nitarudi mwalimu akipona." Kazi yangu, ndugu zangu, inangoja vipele vikauke. Moyo uliniuma kweli.

Sasa niko nyumbani, nimefungiwa chumbani, nimepakwa mpemba kutoka utosini hadi vidoleni. Mama hakuishia hapo. Alimtumia Mbuyi ujumbe aache kazi aje haraka. Mbuyi, mama wa watoto watatu, karani wa malori, mtu mzima! Amekaa kando yangu sasa hivi, mweupe kama mimi, haumwi hata ukucha. Tangu afike amesema maneno machache tu:

"Kabanga, utanilipa hii."

Nawaomba msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, mchekeni na Mbuyi pia. Kwetu hakuna anayepewa kitu peke yake.