Mstari Mmoja Mbele ya Bi Sauti

Jumatatu, 3 Juni

Bi Sauti anatimiza miaka sabini na mitano Jumamosi! Wanawe wamekodi ukumbi wetu wa zamani wa maigizo. Wasanii tuliobaki tutarudia naye onyesho la barua, lile alilocheza mama na kuwaliza watu enzi zile. Anatakiwa tarishi, maana tarishi wetu wa siku zote alishatangulia mbele ya haki. Mstari mmoja tu: "Barua yako, mama. Imechelewa, lakini imefika."

Nafasi hiyo ni yangu. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, daftari mapajani, nikiwanong'oneza wasanii maneno waliyoyasahau. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuona hata pua yangu. Nataka Bi Sauti anitazame usoni jukwaani, mara moja tu, kabla hatujaondoka duniani.

Tatizo ni Fundi Taa. Naye anaitaka. Ati ndiye aliyemmulika Bi Sauti miaka yote. Mtu anabonyeza swichi, anajiita msanii!

Jumanne, 4 Juni

Nimemwendea mwongozaji. Kwa masikitiko makubwa nimemweleza kwamba magoti ya Fundi Taa yamekwisha, na tarishi lazima apige goti. Akaguna, akanipa nafasi. Rahisi hivyo!

Nimeitoa kofia ya tarishi sandukuni. Niliihifadhi siku ukumbi ulipofungwa. Wizi ni neno kali. Bado inanukia poda. Nikakaa nayo kitandani muda mrefu, nikikumbuka vipuli vya Bi Sauti. Alipokwama aligusa kipuli cha kushoto, nami nikampa neno. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Miaka yote hiyo alikigusa mara nne tu. Nazikumbuka zote nne, na gauni alilovaa kila mara.

Mke wangu akachungulia, akauliza kama kweli nitaweza kusema kwa sauti. Swali la ajabu.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Bi Sauti anapumzika, kwa hiyo mwongozaji alisoma maneno yake. Nimekemewa mara tatu kwa kuchezesha midomo wengine wakisema. Roho mbaya tu.

Halafu haya! Mwongozaji ameyaonea huruma magoti ya Fundi Taa. Amempangia sofa mstari wa mbele, katikati, na kigoda cha kupumzishia miguu. Nimekula njama, yeye kala matunda. Alinipita akichechemea kwa mbwembwe: kwenda mguu wa kulia, kurudi wa kushoto.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Bi Sauti aliingia na fimbo. Alipofika jukwaani akaiegemeza ukutani, mgongo ukanyooka, akafungua kinywa. Sauti ile ile! Nikawa kijana tena pale nyuma ya pazia, nikasahau kabisa kwamba zamu yangu imefika. Ikabidi nisukumwe.

Nikapiga goti. Nikasema mstari wangu vizuri, neno kwa neno. Kwa mnong'ono.

Fundi Taa akapaza sauti kutoka sofani: "Hatusikii!" Watu wakacheka. Nikajaribu tena, maneno hayapo. Mimi, niliyejua maneno ya kila mtu! Mkono wangu ukapanda wenyewe, ukashika sikio la kushoto.

Bi Sauti akauona. Akainama kama anayeipokea barua, na midomo yake haikutikisika. "Barua yako, mama," akaninong'oneza.

Nikasema mstari wote kwa nguvu hadi kofia ikaanguka. Makofi!

Baadaye, kabla ya kukata keki, alinivuta mkono hadi mbele. "Huyu alinishikilia miaka thelathini na moja na hamkumwona," akawaambia. "Leo mtazameni."

Nililia bila aibu. Fundi Taa naye alilia. Nilimwona, ingawa alisema ni mafua.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari tangu asubuhi. Kosa limejulikana: mstari mmoja ni mchache, mtu hawezi kupata moto. Bi Sauti atakapotimiza themanini nitaomba nafasi ya mume. Mistari arobaini na mmoja! Mwenye nafasi hiyo ana mgongo mbovu sana. Yeye mwenyewe bado hajui. Kesho namwendea mwongozaji, kwa masikitiko makubwa.