Fitina za Albamu ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Mke wangu na dada yangu wanapendana.

Kwa watu wengine hiyo ni baraka. Kwetu ni hasara, maana hao ndio Mawifi, kundi la waimbaji wawili ambao albamu yao ya kwanza ilipigwa kila saluni na kila kibanda cha simu. Ile waliirekodi wakiwa wamenuniana. Mke wangu aliazima sufuria kubwa ya dada, akairudisha imeungua kitako. Basi wakaimba wamepeana migongo, kila mmoja na maiki yake. Moto! Watu wazima walilia.

Sasa wamepatana. Wanakula biskuti moja, nusu kwa nusu. Na nyimbo za albamu ya pili? Tamu tu. Leo prodyuza kavua hedifoni, akasema zimeiva vizuri ila hazina chumvi. Kisha mkubwa wa kampuni ya muziki akapiga simu: usipopatikana wimbo wa kutangulia kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, albamu inawekwa kabatini, na Mawifi watafute kazi nyingine.

Mke wangu akasema Mungu yupo. Dada naye akasema hivyo hivyo, kwa pamoja. Hata wasiwasi wanauimba sauti mbili!

Mimi ndiye meneja wao. Dada anasema mimi ni mbeba chupa ya chai ya tangawizi. Wivu. Meneja hawezi kukaa kitako akitazama mambo yakiharibika kwa amani. Nimeamua: lazima wagombane.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Mke wangu alikuwa mezani akikunja nguo. Nikamwambia, kwa sura ya uchungu, kwamba wifi yake anasema akipanda sauti ya juu anapiga mbinja kama birika.

Uongo mtupu. Dada hajasema hivyo hata siku moja. Kusema kweli, sauti ile ya juu ndiyo iliyonifanya nioe. Aliimba kwenye harusi ya watu, nikasahau kijiko mdomoni. Lakini kazi ni kazi.

Hakufoka. Aliniomba nirudie, neno kwa neno. Nikarudia. Akawa anagongagonga meza kwa vidole, polepole, kwa mpangilio. Hasira hizo!

Nikatoka mbio kwa dada. Nikamwambia wifi yake anasema yeye huingia kwenye kiitikio kwa kuchelewa, kama mgeni rasmi. Dada akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakatikisika. Maskini, kaumia. Akaniuliza kama nimekuja kwa miguu. Ndiyo. Na jua lote hili? Ndiyo. Akanipa maji.

Nimerudi hoi lakini nina fahari.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kapiga simu asubuhi. Sijui nani kampelekea habari. Akasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nikamwambia sina shamba. Akakata simu.

Leo nimepeleka maneno mengine. Kwa dada: kwamba marashi yake hufika studio kabla yake. Kwa mke wangu: kwamba anaikumbatia maiki kama anayeogopa vibaka. Wote wawili wameniomba nirudie. Dada hata aliniomba nilifupishe lile la marashi, liwe jepesi mdomoni. Ajabu kidogo. Lakini mtu aliyeumia huwa na mambo yake.

Mchana nikachungulia studio. Biskuti moja, nusu kwa nusu. Hawa watu wana moyo wa namna gani?

Jumamosi, 8 Machi

Maneno hayatoshi. Nimerudi kwenye chanzo: sufuria.

Nikaenda kuiazima kwa dada, nikasema nimetumwa na mke wangu. Mpango ulikuwa rahisi. Niiweke motoni tupu, iungue, dada aikute jikoni kwa wifi yake, vita vianze. Nikaiweka, nikaenda sebuleni kusubiri. Nikapitiwa na usingizi.

Aliyeniamsha ni jirani, fundi friji, na ndoo yake. Alinimwagia mimi kwanza. Sufuria imeungua, nusu ya pazia imeungua, na vidole vyangu viwili pia, kwa sababu niliivamia sufuria mikono mitupu.

Wakaingia wote wawili. Wakaitazama sufuria. Wakanitazama mimi. Mke wangu akauliza nilikuwa napika nini. Nikasema uji. Akauliza unga uko wapi. Nikasema umeshaungua wote.

Wakajifungia chumbani. Nikatega sikio. Kwikwi, na mtu akilipiga godoro kwa ngumi. Wanalia! Hatimaye!

Jumanne, 11 Machi

Mambo yamezidi kipimo.

Tangu juzi dada hajakanyaga kwetu. Mke wangu anatoka alfajiri bila kuaga na bila chupa ya chai. Nimempigia prodyuza. Kasema wamejifungia studio, yeye mwenyewe wamemtoa nje, na kwamba wamesema nisionekane huko. Nikamuuliza kama wanapigana. Akasema mjumbe hauawi, akakata.

Sijala. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa kazini. Mke huyu ndiye aliyenikubali nikiwa na shati moja. Wakiachana, nitakaa upande upi? Nilitaka chumvi tu kwenye albamu. Nimeua albamu, nimeua na nyumba. Nina hofu, na hofu hii si ya mchezo.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda. Chupa ya chai mkononi.

Prodyuza alikuwa amerudi kwenye mitambo yake. Akaweka kidole mdomoni, akanionyesha kiti. Nyuma ya kioo, wanawake wawili, maiki moja, uso kwa uso. Wakaanza.

Birika ndilo lililotangulia. Kisha mgeni rasmi. Kisha marashi, kwa kifupi. Kisha vibaka. Kisha mtu anayepika uji bila unga! Kila fitina yangu, imepangwa vina. Nikawaka. Nikasimama niondoke. Ndipo kikaingia kiitikio, dada akianza, mke wangu akimpokea:

*Umetoka kwake, umekuja kwangu,*
*jua la utosi, ewe ndugu yangu;*
*keti unywe maji, ewe mume wangu,*
*huku na kule ni nyumba yangu.*

Nikakaa.

Nimewasikia miaka mingi kupitia ukuta wa jikoni, na sikujua kwamba watu wawili wanaweza kuvuta pumzi moja. Dada alitandika sauti ya chini, pana, mke wangu akapita juu yake bila woga. Hakuna aliyemfunika mwenzake. Katika albamu ya kwanza waliimba kama washindani. Hii ilikuwa kazi ya mabingwa. Nililia wazi. Prodyuza naye alilia, akasingizia vumbi.

Walipotoka nikawauliza kama wamenikasirikia. Mke wangu akasema siku ile ya kwanza walikuwa wameshapigiana simu kabla sijafika kwa dada. Dada akasema mwezi mzima walitafuta wimbo bila kuupata, mpaka ulipoanza kutembea wenyewe kwa miguu miwili.

Wakanywa chai yangu yote.

Jumamosi, 15 Machi

Mkubwa wa kampuni kasikiliza. Akaomba wimbo urudiwe. Akaomba tena. Albamu inatoka, na wimbo wangu ndio wa kwanza. Anasema waimbaji wengi hujikwaa albamu ya pili, ila hawa wamepanda ngazi. Ni kweli. Nimeisikiliza yote, na hata zile nyimbo tamu, sasa utamu wake nauelewa. Najivunia hawa wawili mpaka kifua kinauma.

Mke wangu kanifunga bandeji mpya vidoleni, akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema sana.

Na ni kweli. Albamu ya kwanza: ugomvi wa kweli. Ya pili: ugomvi wa kubuni. Zote zimefaulu, na bila meneja hii ya pili ingekuwa kabatini. Sasa prodyuza anasema albamu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Hiyo hutaka huzuni nzito, mtu awe ameguswa hasa. Na Mawifi hawana huzuni yoyote! Wana afya, wana jina, wana biskuti.

Nimewaza mchana kutwa ni nani wa karibu nao wote wawili, ambaye akiugua wataguswa hasa.

Nimeanza kukohoa.