Jembe la Shemeji Tadeo

Jumatatu, 2 Juni 1958

Vita vimeanza! Leo mkutano wa chama chetu cha wakulima wa pareto, hapa Nyololo. Baridi ya kukata masikio. Katibu wetu, Mwalimu Danieli, akatangaza kwamba safari hii mwenyekiti hatachaguliwa kwa kunyoosha mikono. Kura za karatasi! Za siri! Nikapiga makofi peke yangu mpaka watu wakageuka.

Kwa mikono siwezi kushinda. Watu wanamwogopa shemeji yangu Tadeo. Yeye ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye anayepanga zamu za tanuru la kukaushia maua ya pareto. Ukimkera, zamu yako inafika maua yameshachemka ndani ya gunia na kuwa meusi. Yangu yamekuwa meusi msimu mzima. Sasa basi! Nikichaguliwa, wa kwanza kukausha ni Joachim Kalinga, wa mwisho ni Tadeo. Hiyo ndiyo haki.

Nimeandikisha jina. Tadeo naye. Hakuna mwingine aliyethubutu. Mke wangu Evarista, ambaye Tadeo ni kaka yake tumbo moja, aliondoka mapema. Alikuwa na haraka ya kurudi kupalilia.

Jumatano, 4 Juni

Mwalimu Danieli ametusomea sheria za karatasi ya kura, zimetoka kwa Bwana Ushirika wa Mbeya, afisa anayesimamia vyama. Alizisoma kama Injili, amesimama. Kwa kuwa wengi hawajui kusoma, kila mgombea awe na picha. Picha zote ukubwa mmoja. Wino mmoja, mweusi. Isiwe msalaba, isiwe taji, isiwe sura ya mtu.

Nikaomba simba. Nikakataliwa, eti anatisha wapiga kura. Ndiyo maana nilimtaka! Kabla sijafunga mdomo Tadeo akachukua jembe. Nikachukua jogoo. Vizuri sana. Jogoo anaamsha watu, jembe linalala nyuma ya mlango.

Sasa nani achape? Mashine ya kuchapia upande huu ni moja tu, yangu, ile ya mkono niliyouziwa na Mgriki niliyemfanyia kazi kule mjini, mtaa wa Mlandege. Danieli akasema mgombea haruhusiwi kuchapa kura zake mwenyewe. Nikamjibu kwamba mashine ni ya Evarista. (Ni kweli, tangu leo asubuhi.) Wakakubaliana: Evarista atachapa, Danieli atasimama pembeni, na karatasi zitakazoharibika zichomwe moto mbele ya macho yake.

Lakini hakuna aliyeuliza nani atachonga vibao vya mti vya kuchapia picha. Sheria ina tundu, na mimi ni panya!

Jumamosi, 7 Juni

Nimechonga. Nilianza na jogoo. Kifua mbele, mkia umejaa kibao kizima. Danieli akaja na rula ya shule, akapima, akaniamuru nikate mkia. Nimeukata. Sikulia.

Kisha jembe. Nikatafuta mfano wa kuiga. Nyuma ya mlango wa jikoni nikakuta moja bovu kuliko yote niliyowahi kuona: limelika upande mmoja, bati limebaki kama ulimi, mpini una ufa uliofungwa waya. Nikalichonga vilevile, kila kasoro. Ule waya ulinichukua nusu siku. Danieli akapima. Sawa kwa sawa na jogoo! Akakuna kichwa, akatazama sheria zake, akanitazama mimi. Sheria inasema ukubwa, haisemi uzuri. Nimecheka mpaka Evarista akaniuliza kama naumwa.

Nani atamchagua mtu wa jembe kama hilo? Danieli amechapa nakala ya mfano, nayo imeondoka na basi la Mbeya ikaidhinishwe.

Ijumaa, 13 Juni

Imerudi! Ina muhuri. Imeandikwa kwa wino mwekundu: Imekubaliwa, isibadilishwe. Nimeibusu.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Danieli aligongomea nakala ile kwenye mlango wa chama ili watu wazizoee picha. Nikasimama karibu nisikie kicheko.

Hakuna aliyecheka. Mama Matilda, mwenye shamba kubwa la pareto kule bondeni, akaweka kidole juu ya jembe na kusema, "Hili limelima." Basi. Wote wakaitikia kwamba kweli, hili limelima. Mzee mmoja akasema jembe linalong'aa ni la mvivu au la mahari. Mwingine akauliza huyu jogoo anatafuta nini kwenye pareto. Akajibiwa kwamba anaparua miche.

Anaparua miche! Jogoo wangu!

Tadeo mwenyewe alishangaa. Hajawahi kushika jembe la namna ile, shamba lake linalimwa na vibarua. Lakini dakika ile ile akaanza kutembea ameinama kidogo, mkono kiunoni, kama mtu aliyetoka shambani. Mnafiki!

Evarista aliitazama karatasi ile kuliko mtu yeyote. Kisha akanitazama mimi, karibu kwa tabasamu. Sijui kwa nini.

Jumanne, 17 Juni

Mbeya. Vumbi la njiani limeniingia mpaka kwenye meno. Nimefika ofisini kwa karani wa ushirika, Asukile, Mnyakyusa mpole. Nikamweleza kwamba dhamiri inanisumbua. Mpinzani wangu amedhulumiwa, amechorewa jembe bovu la kumwaibisha. Naomba abadilishiwe, apewe jipya, linalong'aa. Likiwa na ncha kali nitafurahi zaidi.

Asukile akaita makarani wenzake waje kumwona mgombea anayemwombea haki mpinzani wake. Mmoja alivua kofia. Asukile akaingia kwa Bwana Ushirika, akatoka akitikisa kichwa: muhuri ni muhuri. Labda alalamike mwenyewe huyo aliyedhulumiwa. Akaninunulia chai na ndizi za kuchoma, akaniambia, "Bwana Kalinga, ungekuwa kwetu Rungwe tungekuchagua bila karatasi."

Nimekula ndizi kwa uchungu.

Ijumaa, 20 Juni

Sikubali! Nimekwenda kwa Tadeo mwenyewe, kwa heshima zote, na zawadi ya jogoo mkononi. Nikamwambia shemeji, umedhalilishwa, peleka malalamiko. Akaamuru jogoo achinjwe. Tukala na ugali. Alitafuna hadi mifupa, akanawa, ndipo akasema, "Shemeji, mimi jembe langu nalipenda."

Nimerudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba nimempelekea adui alama yangu akaila, na mimi nikamsaidia.

Jumatano, 25 Juni

Leo Evarista amechapa. Danieli amesimama pembeni na rula. Nilimchungulia mke wangu dirishani. Jogoo alimpaka wino haraka haraka. Jembe alilipaka taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Nimeliona na nimeliweka moyoni.

Alasiri nikaenda kilabuni. Nikawanunulia watu pombe ya komoni, nikawaambia ukweli mtupu: Tadeo hajawahi kulima. Mkagueni viganja, laini kama andazi! Wakakubali wote. Hakuna aliyebisha. Mmoja akauliza, sasa lile jembe ni la nani? Kina mama waliokuwa wakipima pombe wakaangaliana, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Sikuona cha kuchekesha. Nikawaambia jembe si hoja, hoja ni Tadeo. Wakazidi kucheka.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeibiwa! Hapana, sikuibiwa, Danieli alihesabu mbele ya macho yangu na nikamlazimisha arudie. Jembe, jembe, jembe. Sauti yake ilinichosha. Jogoo alitoka mara chache, kama anaogopa mwewe. Tadeo akabebwa juu juu. Mimi nikabeba kiti changu.

Nyumbani nikamuuliza Evarista amempigia nani. Najua kura ni siri, lakini ndani ya nyumba yangu hakuna siri. Akajibu bila kusita: jembe. Nikafoka. Kaka kwanza, mume baadaye! Mke wa namna gani huyu! Akasubiri nimalize. Kisha akasema hakumpigia Tadeo. Amelipigia jembe lake.

Jembe lake lipi?

Akaenda nyuma ya mlango wa jikoni. Akarudi nalo, akaliweka juu ya mashine, kando ya kile kibao. Lile lile. Limelika upande ule ule, waya umezungushwa vile vile. Akasema, "Hili ndilo limelima shamba unaloliita lako. Kina mama wote wanalijua. Nilipoliona kwenye karatasi nilidhani, hatimaye, mume wangu ameliona. Kumbe ulikuwa unalicheka."

Kulicheka! Mimi! Nikasema tu kwamba waya nilijitahidi sana kuuchonga. Akasema ndiyo, waya umetoka vizuri. Akalirudisha nyuma ya mlango.

Jumapili, 29 Juni

Tadeo amepanga zamu mpya za tanuru. Baada ya misa kina mama walimzingira, wakamwambia jembe lililomshindisha lina mwenyewe. Basi wa kwanza kukausha maua msimu huu ni Evarista. Shamba letu! Wa kwanza!

Nimekataa. Sipokei hisani ya adui. Evarista amekubali, na ameshapeleka kuni.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani.

Jumanne, 1 Julai

Nimekaa nikatafakari kwa kina, na sasa nimeona kosa lilipokuwa. Jogoo! Nilichagua picha mbaya, ndiyo maana nikashindwa. Hakuna sababu nyingine. Mwakani nitawahi mimi kusema jembe, Tadeo abaki na jogoo, na mkia wake nitaukata mwenyewe.

Lakini jembe la Evarista silitaki tena, litaleta maneno. Nataka la kwangu, lililochakaa kwa jina langu. Nimenunua jipya dukani leo asubuhi. Nimeketi nalo kibarazani tangu hapo, nasugua bati kwa tupa upande mmoja. Mpini nimeupasua kwa jiwe. Waya upo. Mikono imenitoka malengelenge, lakini mapambano ni mapambano.

Evarista amepita sasa hivi na mzigo wa maua kichwani, anaelekea tanuruni. Akasimama, akatazama jembe, akatazama tupa. Akaniuliza kwa upole kwa nini silimii tu, litachakaa lenyewe.

Wanawake hawaelewi siasa! Nikamjibu kwamba sina nafasi ya kulima, uchaguzi ni mwakani tu.