Wakili wa Wazee Apatiwa Mzee

Umoja wa Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hapa Guangzhou, China, unayo furaha isiyo kifani kutangaza kwamba, kuanzia mwaka huu wa 1998, una Wakili wake wa Wazee. Natangaza mimi mwenyewe, Mwenyekiti Theophil, asije mtu akasema hakusikia.

Wakili Gaudence ni mtu wa Bukoba. Alisomea sheria Dar es Salaam, akaja huku kwa udhamini wa masomo, akabobea katika haki za wazee: wosia, urithi, na nani amsimamie mzee akishachoka. Mahakama za hapa hazimtambui, ila sisi tunamtambua. Katika jamii anaimba besi kwenye kwaya, na kwenye misiba ndiye mpanga viti. Tulimpa ofisi mtaa wa Sanyuanli, chumba cha nyuma kwa watu wa kago, wale wasafirisha mizigo.

Tatizo lilikuwa dogo tu: wazee hatuna. Nani atamtoa bibi yake Moshi aje kubeba marobota huku? Wakili akakaa miezi anakunywa chai ya bure, akaanza kunenepa. Kamati Tendaji ikaona hiyo ni aibu ya kitaasisi, ikaazimia mzee apatikane haraka.

Nikampendekeza Mama Leokadia, muuza mikoba kama mimi. Wenye midomo yao wanadai ni kwa sababu kila safari hunitangulia Shiling, kwenye viwanda vya mikoba, na kuniachia mikoba iliyopauka. Uzushi mtupu! Nilisukumwa na upendo. Kwa mujibu wa Kanuni za Utunzaji, nilizoziandika mimi, mzee haendi kiwandani, habebi, wala habishani bei. Msimamizi wake humchagulia mzigo. Msimamizi ningekuwa mimi.

Kikao kilifanyika kwenye mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Mama Leokadia alikuja juu.

"Meiyou! Hakuna kitu kama hicho! Mimi nichaguliwe mikoba na wewe? Duka langu litakufa, Mwenyekiti! Wanangu wanasoma kwa mikoba hiyo!"

"Mama, tulia," nikambembeleza. "Mzee hafoki."

Njoki, mama wa Nairobi auzaye redio, akadakia. "Ai, Mwenyekiti! Jana huyu alipanda ngazi na maboksi mawili kichwani. Wewe ulikuwa mikono mitupu na ulikuwa unahema!"

Nikaupuuza utovu huo wa nidhamu, nikamtaka Wakili asome Kanuni. Akasimama, akavuta koti lifungike, likakataa.

"Kanuni hazitaji umri," akasema. "Mzee ni yule anayeamkiwa na wanachama wote, naye haamkii yeyote."

"Sahihi kabisa," nikasema.

Mama Leokadia akaja mbele yangu, akapiga goti kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu." Moyo wangu ulijaa. Nilijua amekubali yaishe.

Njoki naye akaja. "Shikamoo." Marahaba. Ukumbi mzima ukapanga foleni, hata wanaonizidi mvi. Nikawaitikia mmoja mmoja, huku nikifikiri kumbe watu wananipenda kiasi hiki.

"Mwenyekiti," akauliza Wakili, "kuna mtu humu unayemwamkia wewe?"

"Mimi? Thubutu!"

"Basi mteja wangu amepatikana."

Wote wakainua mikono kuafiki. Nikagonga meza, nikapinga, nikataja vifungu. Wakili akanishika bega, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Mzee wangu, usifoke."

Msimamizi wangu ni Mama Leokadia. Yeye huenda Shiling, mimi hubaki chumbani na blanketi na uji wa ulezi, ambao sikuuomba. Mzigo wa kwanza alinichagulia mikoba ya shule ya rangi ya waridi yenye sungura. Mimi, Mwenyekiti, niuze sungura! Nilikata rufaa siku hiyohiyo, lakini wakili wa wazee tunaye mmoja tu, na anakubaliana na msimamizi.

Juzi mke wangu, anayeuza dukani kwetu, akapiga simu kutoka Mwanza. Sungura wameisha wote kwa siku moja, wateja wanagombania. Akaniuliza kwa uchungu mbona nimechelewa hivi kuzeeka.