Upepo Wapata Wasimamizi

Kuanzia siku ile, upepo wote nchini ukawa chini ya usimamizi wa wanafunzi wa shule za mbali. Ndivyo alivyotangaza Mkurugenzi wa Mmomonyoko kwenye ukumbi wa makao makuu, akapigiwa makofi, akajihisi amerefuka kidogo. Udongo wa nchi ulikuwa unapeperuka, na kwa miaka mingi idara yake ilikuwa ikiufuatilia kwa macho tu, tena kupitia dirishani.

Shule ya kwanza kuchaguliwa ilikuwa ya dada yake, mwalimu mkuu, kule barabara inakoishia. Watoto wakafukia makopo kandokando ya bustani yao ya mboga, kila asubuhi wakachungulia upepo umeangusha nini. Muhula ulipoisha, dada mtu akapiga simu.

"Matokeo yametoka. Nusu kikombe."

"Nusu kikombe cha nini?"

"Cha vumbi. Si ndicho ulichotaka kipimwe?"

Mkurugenzi akanyong'onyea. Nusu kikombe hakionekani kutoka meza kuu.

"Dada, Waziri anakuja kwenye maonyesho. Nahitaji sampuli wakilishi."

"Wakilishi ndiyo ipi?"

"Inayojaza lori."

"Kipipa," alisema dada yake, ambaye hakuwahi kumwita Mkurugenzi, "upepo wetu hauna nguvu hizo."

"Basi usaidieni."

Agizo ni agizo. Watoto wakachimba bustani, lori likajaa. Maonyesho yakafana. Waziri alipigwa picha amepakata udongo kama kichanga, na uliobaki ukamwagwa kwenye maua mbele ya ofisi yake, maana kuutupa kungekuwa ubadhirifu wa mali ya umma.

Wiki iliyofuata wakubwa hao wawili wakafunga safari kwenda kuwatunuku watoto vyeti. Penye bustani palikuwa na shimo, na mboga za chakula cha mchana ndiyo basi tena. Mkurugenzi akawahi kusimama mbele ya shimo. Kwa upana wake, likazibika nusu.

Msichana wa darasa la sita akasoma ripoti bila haraka.

"Tumechunguza vyanzo viwili vya mmomonyoko. Upepo umechukua nusu kikombe. Idara imechukua lori zima. Tunapendekeza udongo urudishwe kabla ya mvua, na Idara izungushiwe miti ili kuipunguza kasi."

Jasho likamtiririka Mkurugenzi hadi kwenye soksi. Akamtazama Waziri. Waziri alikuwa amezama kwenye simu yake. Aliposikia kimya, akajua zamu yake imefika.

"Ripoti safi sana," alisema, akipiga makofi. "Mapendekezo yote yatekelezwe wiki hii. Mkurugenzi utasimamia mwenyewe."

Waandishi wa habari waliofuatana nao wakainukuu kauli hiyo neno kwa neno.

Jumatatu Mkurugenzi akavua koti mbele ya ofisi ya Waziri, akang'oa maua, akafukua udongo mpaka koleo likagonga mawe. Dirisha likafunguka.

"Nani kakuruhusu?"

"Wewe, mheshimiwa."

Dirisha likafungwa.

Shuleni alishika koleo kama anavyoshika kipaza sauti, mpaka watoto wakamwonyesha. Kufikia alasiri viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na bustani ilikuwa imerudi. Dada yake akamletea maji.

"Leo umefanya kazi, Kipipa."

Hakumbuki kusifiwa hivyo ofisini.

Miti nayo ilipandwa, safu tatu kuzunguka makao makuu, na imestawi. Wataalamu wanasema kasi ya Idara imepungua sana, ingawa hakuna anayeweza kueleza mwanzoni ilikuwa ngapi.