Sekunde za Fardau

Jumatatu, 3 Novemba

Tumedhulumiwa.

Leo jioni kocha Hiske katangaza nani ataogelea chali katika timu ya mkoa wetu wa Friesland itakayokwenda Denmark mwezi ujao. Nafasi ni moja. Binti yangu Fardau, umri miaka kumi na miwili, huogelea mita mia kwa dakika moja na sekunde kumi na nne. Rixt, binti wa Gosse, dakika moja na sekunde kumi na tano. Mtoto wa chekechea anajua nani kashinda hapo. Kachaguliwa Rixt.

Nikauliza kwa upole. Aukje, mke wangu, anadai upole wangu ulisikika hadi kwenye maegesho ya magari. Hiske akaeleza kwamba Fardau aliogelea katika bwawa letu fupi, la mita ishirini na tano, na Rixt katika bwawa refu, la hamsini. Bwawa fupi lina kugeuka kwingi, na kila ukigeuka unausukuma ukuta kwa miguu na kupata mwendo wa bure. Kwa hiyo lipo jedwali la kulinganisha. Ukitaka kujua Fardau angepata ngapi katika bwawa refu, unamwongezea sekunde tatu.

Yaani sekunde za mwanangu zinatiwa maji kama maziwa ya mchuuzi.

Fardau kawekwa akiba. Atasafiri na wenzake, atalala chumba kimoja na Rixt. Garini alikuwa akiimba njia nzima. Mtoto hajui kama kaonewa. Inabidi mkubwa amjulie.

Gosse alinipa mkono, akasema mabinti wote wawili ni hodari. Ana duka la baiskeli, na sijapata kumwona amekasirika. Mtu asiyekasirika simwamini.

Jumatano, 5 Novemba

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nitalivunja jedwali kwa mwili wangu mwenyewe. Mtu mmoja, mabwawa mawili. Nikitumia muda uleule kotekote, hoja ya kuta imekufa.

Kazini niliaga kwamba jino linauma. Bwawa fupi halikunishinda. Nilishika ukuta kila mwisho na kuvuta pumzi, jambo la kawaida. Kisha nikaendesha gari saa nzima kwenda bwawa refu. Huko, nilipofika katikati, niligundua kwamba ukuta wa mbele uko mbali na wa nyuma nao uko mbali.

Sikuzama. Naliandika hili kwa sababu mlinzi wa bwawa, mama mmoja mwenye sauti ya kengele ya kanisa, anaeneza kwamba nilizama. Alininyooshea mti, nikaushika kwa heshima yake. Akaniuliza, "Bwana, kuogelea unajua kweli?" Nikamjibu kwamba nafanya utafiti. Akasema, "Basi utafiti ufanyie kule kwa watoto wadogo, maji yanafika magotini."

Matokeo sitayatumia. Sikio la kushoto bado lina maji.

Jumamosi, 8 Novemba

Mpango wa pili. Wanataka bwawa refu? Tuwape bwawa refu. Leo kulikuwa na mashindano ya wazi, nikamwandikisha Fardau bila kumwambia mtu. Fardau mwenyewe aliambiwa garini. Alikuwa ameahidiana na Rixt kuoka biskuti. Alitazama dirishani hadi tukafika.

Aliogelea vizuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Alinyooka majini kama rula. Alipogusa ukuta nikatazama ubao. Jedwali la Hiske lilisema dakika moja na sekunde kumi na saba. Ubao nao ukasema kumi na saba.

Kwa hiyo jedwali lilikuwa sahihi. Nimelichukia maradufu. Adui akikosea unaweza kumsamehe. Akipatia, utamsamehe nini?

Fardau alikuja kwangu amejifunga taulo kichwani, akauliza, "Baba, sasa umeridhika?" Nilidhani ananihurumia. Nikamwambia bado.

Gosse alikuwapo pia. Amejitolea kushika saa, anajitolea kila mahali kama ugonjwa. Aliniletea krokete ya moto, kitafunio cha nyama cha kukaangwa, pamoja na haradali. Akasema, "Kula, Douwe. Maji hayana ndugu." Nikaila kwa hasira. Ilikuwa tamu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeona mwanga. Kwa nini watoto wote wanakawia katika bwawa refu? Kwa sababu ni refu kuliko linavyotangazwa! Nani aliwahi kulipima mbele ya macho yetu?

Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikadai lipimwe. Hiske alifumba macho kwa muda mrefu. Kisha Gosse, polepole kama kawaida yake, akasema hoja yangu si mbaya, ila tukipima la wenzetu, haki ni kupima na letu.

Alifikiri nitaogopa. Nikajibu mbele ya wote, "Pimeni yote. Mkweli haogopi futi kamba." Wengine walipiga makofi. Aukje hakupiga.

Nyumbani Fardau aliniomba niliache jambo hili. Akasema yeye na Rixt wamenunua nguo za kulalia zinazofanana, za kuvaa Denmark, zina michoro ya sili, wale wanyama wa baharini. Nikamwambia sili hawahusiki na haki. Akaenda chumbani. Aukje akanitazama namna anavyomtazama mbwa wa jirani akichimba kwenye maua yetu.

Jumamosi, 15 Novemba

Mji mzima uko barabarani kumpokea Mtakatifu Nikolasi, yule mzee wa zawadi za watoto. Sisi tuko bwawani, wazazi kumi na kitu, kunanuka klorini.

Walikuja wapimaji wawili na chombo cha mwali mwekundu. Bwawa refu walilipima asubuhi. Ni mita hamsini na unywele. Nikasema unywele nao ni urefu.

Wakaanza na letu. Wakapima njia ya kwanza, wakatazamana. Wakapima tena. Wakapima zote. Mkubwa wao akavua miwani, akauliza kama ukuta ule wa mwisho umefanyiwa kazi karibuni.

Umefanyiwa. Kiangazi wazazi tulijitolea kubandika vigae vipya. Sasa bwawa letu limepungua urefu kwa upana wa vidole viwili. Si mita ishirini na tano tena, na bwawa lililopungua si bwawa la mashindano.

Mpimaji akauliza kwa nini hatukung'oa vigae vya zamani kwanza. Gosse akatazama maji, akasema, "Lilitoka pendekezo kwamba tubandike juu kwa juu, tuwahi mpira kwenye televisheni."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja, wazazi wote walikuwa tayari wananitazama mimi.

Gundi pia ilikuwa nene. Hilo hakuna anayelisema.

Jumanne, 18 Novemba

Hukumu imetoka. Muda wowote uliopatikana katika bwawa letu tangu kiangazi umefutwa. Wa watoto wote. Mtoto wa binamu yangu, wa miaka minane, alikuwa amepata medali yake ya kwanza. Leo binamu kanipita dukani penye meza ya jibini kama vile mimi ni nguzo ya taa.

Rixt hajaguswa. Muda wake ni wa bwawa refu.

Fardau hana muda tena, na asiye na muda hawezi kuwa hata akiba. Ule wa tarehe nane ni halali, lakini hesabu ya muda ilifungwa mwisho wa Oktoba. Nilijua hivyo nilipomwandikisha. Nilitaka tu kumwaibisha Hiske. Nafasi ya akiba kapewa msichana wa mji wa Leeuwarden.

Fardau hakulia. Alitoa zile nguo za kulalia kabatini, akazikunja vizuri, akampelekea Rixt ampe huyo wa Leeuwarden, wawe sare. Aliporudi akavua viatu mlangoni, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mimi nilikuwa nafurahi na akiba, baba. Ni wewe uliyekuwa hufurahi."

Nimelitafakari neno hilo jioni nzima. Naona kama limetoka kwa Gosse.

Alhamisi, 20 Novemba

Gosse kagonga mlango wakati tunakula supu ya njegere. Hakukaa. Akasema familia yake itaendesha gari hadi Denmark kuishangilia timu, kiti kimoja kiko wazi, Fardau anakaribishwa. Aukje alikubali kabla sijameza.

Nikasema sisi si watu wa kuhurumiwa.

"Si huruma, Douwe," akasema. "Mwanangu anamtaka rafiki yake. Basi."

Nikauliza kama nafasi ya mtu mmoja zaidi haipo, nikijibana nyuma na mizigo. Gosse akachunguza viatu vyake. Ni Fardau aliyejibu. "Baba, wewe usije."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kumjibu. Alisema kama mtu anavyomwomba mwenzake afunge dirisha. Aukje alijishughulisha na mkate. Nikasema hata hivyo siku hizo nina kazi nyingi, nikarudia supu. Nilikula sahani tatu. Hakuna aliyeniambia inatosha.

Jumapili, 14 Desemba

Wamerudi jana. Timu imeshika nafasi ya tano. Rixt, naambiwa, aliogelea haraka kuliko wakati wowote maishani mwake, na Fardau alishangilia hadi sauti ikamkauka. Gosse alimshusha mlangoni, akampungia mkono. Mimi pia alinipungia. Niliinua kidole kimoja kutoka kwenye kikombe.

Wakati wa chai ya asubuhi Fardau katangaza, kwa sauti iliyobaki, kwamba anaacha kuogelea. Ataanza mbio za kuteleza kwenye barafu, Jumanne na Alhamisi, mama yake atampeleka. Aukje akaongeza kwamba mimi nitabaki nyumbani. Hakuuliza, alinijulisha.

Iliniuma. Nimekaa sebuleni peke yangu na bakuli la vibiskuti vya Mtakatifu Nikolasi, nikajiuliza kwa dhati, bila kujipendelea, nilikosea wapi. Mtu mzima lazima ajiulize. Nimepata jibu: nilichelewa kuanza. Ningedai vipimo tangu Septemba, kabla hesabu haijafungwa, tungekuwa mbali.

Sasa nimewahi. Nimeulizia. Fardau atafanyia mazoezi kwenye barafu ya wazi ya hapa mjini, upepo wote wa Friesland usoni mwake, ilhali wenzake wa mji wa Heerenveen wanateleza ndani ya jumba, chini ya paa, hakuna hata jani linalotikisika. Kisha mtu atakuja na sekunde zao na zake aziweke pamoja kama kwamba ni kitu kimoja!

Nimeagiza kipimo cha upepo. Kitafika Jumatano, na nimepanga kipokelewe kwa jirani, Aukje asikione.