Mkalimani wa Kompresa

Jumatatu, 4 Mei

Kompresa mpya ya kusukuma upepo imefika gereji kwa Mjomba! Nyekundu, ndefu kama kabati la Bibi, na INAONGEA. Kwa Kiingereza, kwa sauti ya dada mpole aliyeshiba.

Mjomba anapaka rangi magari, na msimu huu wa mvua umemtesa. Hewa ina maji, maji yanaingia kwenye upepo wa kompresa, upepo unayatema kwenye rangi, na rangi inaota vipele kama uso wangu. Hii mpya ina kikausha hewa ubavuni. Kinaupoza upepo, maji yanajitenga yanadondokea chini, na upepo mkavu ndio unaokwenda kwenye bunduki ya rangi. Halafu ni janja: inapima unyevu yenyewe, na ikiona mambo yanaharibika inasema.

Tatizo, gereji nzima hakuna anayeielewa. Leo imeongea, Mjomba akakodoa macho. Binamu yangu, anayejiita Mkurugenzi ingawa cheo chake ni ufagio, akasema kwa kujiamini kwamba inatusalimia. Mimi nikasema taratibu, nikitazama viatu vyangu, kwamba inaomba madirisha yafunguliwe. Yakafunguliwa. Ikanyamaza! Mjomba akapiga makofi.

Kuanzia leo mimi ni mkalimani rasmi wa kompresa. Mimi! Ambaye darasani ruhusa ya kwenda msalani naombewa na jirani wa dawati. Ambaye Mkurugenzi huniita Bubu mbele ya wateja.

Siri, daftari. Nataka kushika bunduki ya rangi. Mara moja tu. Nipake kitu kikubwa, king'ae. Ombi hilo ninalo kichwani mwaka mzima. Likifika mdomoni linageuka kikohozi.

Jumanne, 5 Mei

Ugunduzi!

Nimetoka shule, kompresa ikasema kila kitu kiko sawa. Mjomba akauliza, "Inasemaje, mpwa wangu?" Sijui nilipatwa na nini. Nikasema inataka kiti pembeni yake, cha mkalimani. Kiti kikaletwa! Cha Mjomba mwenyewe, chenye mto.

Baadaye ikasema tena kila kitu kiko sawa. Nikasema inaomba Mkurugenzi asiikaribie, anaitia vumbi. Mkurugenzi akawaka. Nani basi atafungua vali ya chini kumwaga maji ya tangi, kazi aliyokabidhiwa jana tu? Nikasema inajimwagia yenyewe. (Inajimwagia? Ni janja. Bila shaka inajimwagia.)

Akabeba ufagio wake, akaninong'oneza kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Sisi ni ukoo mmoja. Sijui alifikiri tusi hilo litaishia wapi.

Jumatano, 6 Mei

Mvua, mvua, mvua. Soksi zangu za shule hazijakauka tangu Jumapili. Nina jozi mbili na zote zinanuka chura.

Lakini! Nyuma ya kikausha hewa kuna matundu yanayotoa joto tamu sana. Nimezitandika hapo, zote nne kwa mkupuo. Kesho nitavaa za Bibi. Mtambo unaokausha upepo mzima utashindwa na soksi? Na hakuna atakayeziona, maana kompresa haitaki mtu apite nyuma yake. Imesema leo saa kumi.

Habari nyingine. Mwalimu Mkuu wa shule YANGU ameleta gari lake lipakwe bluu iliyokolea. Jumamosi atalitumia kumpokea mgeni wa heshima. Mjomba anasema likitoka safi, basi la shule nalo linakuja kwetu. Likiharibika, gereji tuigeuze banda la kuku.

Jumla ya maneno niliyomwambia Mwalimu Mkuu: sifuri. Nilijificha nyuma ya matairi mpaka akaondoka.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefanya mazoezi ya sentensi moja mbele ya kioo cha pembeni cha gari lake. Kompresa ikasema kila kitu kiko sawa. Nikavuta pumzi. Nikasema inapendekeza boneti ipakwe na mkalimani.

Mjomba akakuna kidevu, akauliza kwa nini. Nikasema haikueleza, ndivyo zilivyo mashine za kisasa, hazipendi maswali. Mkurugenzi alicheka hadi akakaa chini. Ati Bubu apake gari la mkubwa wake!

Mjomba akasema ngoja amuulize Bibi. Bibi ni mama yake, na Mjomba hanunui hata msumari bila baraka zake. Bibi akikataliwa jambo, presha inapanda. Na anayetangaza kwamba imepanda ni yeye mwenyewe. Bibi akasema kama chuma kimeona kipaji, mwanadamu ni nani akatae?

KESHO NAPAKA!

Ijumaa, 8 Mei

Glovu. Barakoa. Miwani. Bunduki mkononi, nzito kama mtoto aliyelala. Mjomba nyuma yangu akiniambia mkono uende sawa, usisite, usikimbie. Nikabonyeza. Fyuuuu! Ukungu wa bluu! Nilielea. Naapa nilielea!

Nikiwa nusu ya boneti, kompresa ikaongea. Si maneno ya kila siku. Ilisema kikausha hewa kimezidiwa na joto, upepo una maji, simamisheni kazi mara moja.

"Inasemaje?"

Daftari, nisamehe. Ningesema kweli ningenyang'anywa bunduki. Nikasema inasema hongera.

Ikarudia, kwa ukali. Mjomba akasema mbona kama imekasirika. Nikasema hapana, hiyo ni furaha, Kiingereza kikifurahi ndivyo kinavyokuwa. Ikapiga king'ora. Mjomba akavua kofia kwa heshima.

Nimemaliza boneti yote. Siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi.

(Kuna vidoti vidogo vidogo. Kama nyota. Vinapendeza.)

Jumamosi, 9 Mei

Si nyota.

Malengelenge. Boneti nzima, kama chura aliyekunywa wino. Mwalimu Mkuu akafika na viatu vya sherehe. Akalitazama gari. Akanitazama. Nikatazama sakafu. Ilikuwa safi sana. Mkurugenzi anafagia vizuri, lazima nikiri.

Hapo hapo akaingia fundi wa kampuni iliyotuuzia kompresa, anahema. Kumbe mashine imekuwa ikimtumia ujumbe kwenye simu! Kila onyo! Sikujua ni mbea kiasi hicho. Akatusomea yote kwa Kiswahili safi. Akafika la jana: simamisheni kazi. Mjomba akamkatiza kwa upole, akamwambia hapo amekosea, hilo lilikuwa hongera.

Fundi akafungua vali ya chini. Haijimwagii. Maji yalitoka kwa hamasa mpaka kwenye viatu vya sherehe. Akazunguka nyuma ya kikausha. Akarudi na soksi nne, kavu kama mbao, zenye mistari ya kijani. Akaeleza kwamba ndizo zilizoziba matundu, mashine ikakosa pumzi. Akauliza ni za nani. Mwalimu Mkuu akasema mistari hiyo aliichagua yeye mwenyewe, kwa ajili ya shule yake.

Nikakohoa.

Hukumu: nipige msasa boneti yote kwa mkono, Mkurugenzi akinisimamia. Kutoka kwenye kiti changu. Chenye mto. Mwalimu Mkuu akaondoka kwa miguu, chwa, chwa, chwa, akisema habari ya basi atakuja kuiamua Jumatatu.

Kabla ya kwenda, fundi akabonyeza kitufe. Kompresa ikaanza kuongea Kiswahili! Kitufe kimoja tu! Kilikuwepo siku zote! Maneno yake ya kwanza yalikuwa tafadhali msiweke kitu chochote nyuma ya kikausha hewa. Gereji nzima ikanigeukia.

Jumapili, 10 Mei

Msasa. Vidole vyangu havinijui tena. Mkurugenzi akasema kompresa imesema nimletee maji ya kunywa. Haikusema! Nilikuwepo! Kuisingizia mashine maneno! Watu wengine hawana haya kabisa.

Mjomba amepaka boneti upya. Tangi limemwagwa, matundu yako wazi, upepo mkavu. Imetoka kioo kitupu. Nikamwomba radhi, kwa mdomo wangu, sentensi nzima. Akasema amesamehe, ila bunduki sitaishika tena mpaka niote ndevu.

Mimi ni binti.

Nimekoma. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEKOMA. Maneno ya mashine ni amana.

Jumatatu, 11 Mei

Mwalimu Mkuu amechukua gari. Alipitisha kidole juu ya boneti kutoka mwanzo hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. Basi la shule linakuja wiki ijayo! Mjomba aliruka, Mkurugenzi aliruka, hata mimi niliruka. Kisha nikakumbuka. Ubavu wa basi! Mrefu, mweupe, unasubiri rangi! Na mimi ndevu sina.

Jioni mama mdogo kamletea Bibi kipimo cha presha, cha kisasa. Bibi akakifunga mkononi. Kikavimba, kikapumua, kikaongea. Kiingereza! Kilisema presha yake ni ya kawaida kabisa.

Bibi akauliza, "Kinasemaje, mjukuu wangu?"

Nilipigana na nafsi yangu. Ilijitahidi, lakini ni nafsi ndogo.

Nikasema kinasema presha ni nzuri, ila itabaki hivyo iwapo tu Mjomba ataniachia nipake basi.

Bibi akakivua kipimo. Akasema ni kweli, hata yeye amesikia hivyo hivyo. Ila mbona nimeparuka pale kiliposema mjukuu awe anamkanda miguu kila jioni?

Nimemkanda. Ajabu kubwa! Miaka yote hii sikujua kwamba Bibi anaelewa Kiingereza.

Kesho nampima Mjomba.